Ugali Niliomlia Dada

Kaunta buku langu la kidato cha pili lina madoa ya mafuta ya alizeti kwenye kurasa za katikati. Mtu akiliona atadhani nilikuwa naandikia jikoni. Madoa yale ni ya vidole vya dada. Hayanuki kitu tena, lakini nikifika kwenye kurasa hizo huwa nalisogeza daftari puani hata hivyo, kama mjinga, na mara narudi kwenye chumba chetu cha uani, hapa hapa Kanyenye, kwenye kitanda cha nne kwa sita tulicholala mzungu wa nne, miguu yake ikiwa usoni kwangu, imevimba, inanukia mafuta ya mgando.

Sasa nipo kidato cha nne na kitanda chote ni changu. Nalala katikati na bado sijazoea.

Dada alikuja mwezi wa kwanza kutoka Urambo alikoolewa, mimba ikiwa na miezi kama sita. Kwetu mtoto wa kwanza huzaliwa kwa bibi yake mzaa mama. Shemeji alimfikisha stendi, akamkabidhi kwa mama pamoja na kuku wawili na ndoo ndogo ya asali, akageuza siku hiyo hiyo kurudi kwenye tumbaku yake iliyokuwa inangoja kuchumwa. Mimi nilifurahi kupita kiasi. Tangu dada aolewe sikuwa na mtu wa kuongea naye. Mimi si msemaji. Darasani mwalimu akinitaja nasimama, sauti inabaki kwenye kiti. Ndiyo maana naandika. Dada peke yake ndiye niliyeweza kumwambia jambo bila kulifanyia mazoezi kwanza.

Kwa hiyo siku aliponipa siri ya kutunza, niliitunza vizuri mno. Hilo ndilo kosa langu.

Yote yalianzia saluni. Nyumba ya tatu kutoka kwetu kuna jirani msusi mwenye kibanda cha mabati mbele ya ukuta wake. Dada alitaka asukwe twende kilioni tu, nywele ambazo hazitamsumbua akilala. Jirani yule ana mkono mwepesi, na mdomo wake ni mwepesi zaidi.

"Wa kwanza huyo?" akauliza, akilitazama tumbo kupitia kioo.

"Wa kwanza, mama."

"Haya, jiandae. Mie wa kwanza wangu alikuwa kilo nne kasoro kidogo. Ushawahi kumsikia muuza khanga akichana doti? Anaanza na meno hivi, kidogo tu, halafu chraaa! Basi ndivyo nilivyochanika. Nikashonwa. Wiki nzima nakalia tako moja."

"Muongo huyo," akasema mama mmoja aliyekuwa anangoja zamu. "Zilikuwa wiki mbili. Alikuja msibani kwetu amekaa upande kama chupa iliyolazwa."

Wakacheka mpaka kichana kikaanguka. Jirani akafuta machozi. "Chapati zile ndizo zilizoniponza. Asubuhi chapati, jioni chapati. Mtoto ananenepa humo ndani, na mlango ni ule ule! Binti, usile sana. Kula mlenda, unateleza."

Alisema kwa utani. Dada hakucheka. Nilimwona kwenye kioo, macho yamemtoka, mikono yote miwili imekumbatia tumbo kwa chini kama mtu aliyebeba kikapu kinachotaka kupasuka kitako.

Tuliporudi tulimkuta mama amekaa kwenye mkeka anaandaa nepi. Alikuwa na khanga kuukuu nne, laini kwa kufuliwa, na alikuwa anazichana vipande vya mraba. Chraaa. Anaweka. Chraaa. Dada alisimama mlangoni, akaziba masikio, akaenda zake chumbani na viatu miguuni. Mama akadhani ni kichefuchefu.

Jioni hiyo, kabla sijawasha taa, dada akaniita.

"Mdogo wangu, nikikuomba kitu utanifanyia bila kumwambia mama?"

"Ndiyo," nikasema. Nilisema kabla sijajua ni nini.

Ombi lenyewe lilionekana dogo. Kwa kuwa miguu yake ilikuwa inamuuma, mama alikuwa anatuletea chakula chumbani, sahani moja kubwa, tule pamoja. Dada alitaka awe anakula mlenda na tonge mbili tu za ugali. Zinazobaki nile mimi, sahani itoke tupu. Mtoto abaki mdogo, apite.

Basi nikala. Siku ya kwanza niliona kama sikukuu. Ugali, maharage, samaki wa Malagarasi aliyekaangwa kisha akaungwa na karanga. Mama akaja kuchukua sahani, akaiona imekombwa, akafurahi. "Mjukuu wangu anakula kama mchunga ng'ombe!" Kesho yake akapika zaidi. Na mimi nikala zaidi, na sahani ikatoka tupu, na mama akapika zaidi tena. Ikaja michembe, viazi vitamu vya kukausha, iliyochemshwa na karanga. Ukaja uji wa ulezi wa saa nne. Bibi yetu wa Ntalikwa akatuma mlenda wa kukausha mfuko mzima, huo ndio dada aliokula kwa moyo wote, akiulamba vidoleni kama dawa.

Kwenye daftari nimeandika: "Leo nimekula ugali wa watu wawili na nusu, michembe bakuli zima na uji wa dada. Tumbo linauma. Dada kaniambia mimi ndiye ndugu yake wa kweli."

Nataka kusema ukweli hapa, kwa sababu daftari halinipigi. Nilikuwa najua. Kwenye kitabu cha baiolojia kuna picha ya kondo la nyuma, na mshale unaoonyesha chakula kinavyotoka kwa mama kwenda kwa mtoto. Niliichora picha ile kwa penseli za rangi, nikapata vema. Nilikuwa najua kila tonge langu limetoka wapi, na nilimeza. Nilipenda kuhitajika. Hakuna aliyewahi kunihitaji kiasi kile.

Mwezi wa pili ukaisha. Kifungo cha sketi yangu ya shule kikaruka darasani kikagonga dawati la mbele. Nikaweka pini. Halafu pini mbili. Mama akanitazama nikifua, akacheka. "Mimba ya dada yako, tumbo lako la nini?"

Baada ya siku chache aliacha kucheka. Jirani msusi alikuwa amepita kuomba mwiko, akamnong'oneza mama pale uani, na mimi nilikuwa nyuma ya pazia nasikia: "Na yule mdogo mwangalie. Wakimya hao ndio hao."

Mama akanifuata nikiosha vyombo. Akachuchumaa karibu yangu, jambo ambalo hafanyi, magoti yanamsumbua.

"Mwanangu, siku zako ulipata lini?"

Nilitazama sufuria. Nilikuwa nimepata wiki iliyopita, jibu lilikuwa jepesi kabisa, lakini neno lenyewe liligoma kutoka. Na nikiwaza kumweleza tumbo lile ni la nini, namwona dada.

"Nijibu. Sikupigi."

Nikasugua sufuria lililokwisha takata. Mama akanyanyuka taratibu, akishika ukuta. Sijapata kumwona amezeeka hivyo.

"Alhamisi dada yako ana kliniki," akasema. "Tunakwenda wote watatu."

Sitalisahau lile benchi. Wajawazito kumi na kitu, mimi katikati na sketi ya shule yenye pini, mama kaziba njia ili nisikimbie. Mkunga wetu alikuwa mama mnene wa makamo, miwani imesukumwa hadi kwenye nywele, akimpokea kila mtu kama mgeni aliyechelewa kufika. Tulipoingia, mama alimwamkia, akashusha sauti.

"Nesi, huyu mkubwa ni wa kawaida, kadi yake hii. Huyu mdogo... naomba unipimie."

Nikapewa kikopo. Njia ya kwenda chooni ilipita mbele ya benchi lote. Nikaenda nacho kitupu, nikarudi nacho kimejaa, nimekifunika kwa kiganja, na sikuona uso wa mtu hata mmoja. Nakumbuka kandambili tu.

Mkunga akampima dada uzito. Akatazama kadi. Akamwambia ashuke apande tena. Kisha akaniambia na mimi nipande, nikapanda, akanitazama zile pini. Akasoma kipimo changu kwenye mwanga wa dirisha, akakitupa.

"Mama yao," akasema, "nyumbani anapika nani?"

"Mimi."

"Unapika vizuri. Huyu mdogo hana mimba. Ana mimba ya ugali."

Mama akacheka kwa kishindo, papo hapo akaanza kulia, akajifuta kwa ncha ya khanga. Lakini mkunga hakucheka naye. Alikuwa ameshika kadi ya dada.

"Na huyu mwenye mimba amepungua kilo moja tangu mwezi jana. Kwa hiyo nauliza. Nani anakula chakula cha nani?"

Dada alinikazia macho. Nilijua macho yale yanasema nini, na kwa mara ya kwanza maishani nilimkatalia.

"Mimi nakula cha kwake," nikasema. "Anaogopa kuchanika."

Sikuifanyia mazoezi sentensi ile. Ilitoka kubwa, nadhani hata benchini waliisikia.

Mkunga hakugomba. Alimlaza dada kitandani, akapima tumbo kwa futi ya fundi cherehani, akachukua kile kifaa cha mbao kinachofanana na tarumbeta ndogo, akaweka sikio. Alisikiliza muda mrefu. Mama alinishika mkono, ananiumiza, na mimi nikaona nastahili.

"Anacheza?" mkunga akauliza.

"Anacheza," dada akasema kwa sauti ndogo.

"Moyo unapiga vizuri. Ila ni mdogo kwa miezi yake. Tuna kama wiki tano, sita. Akila, mtoto atajazia. Asipokula," akaondoa miwani kichwani, "nitapata mtoto asiye na nguvu na mama asiye na nguvu ya kumsukuma. Hapo ndipo mambo yanapoharibika, binti, sio kwenye ukubwa. Haya, kaeni. Nani kakuambia nini?"

Dada akasimulia: doti ya khanga, chraaa, tako moja, chapati. Mlenda pia. Mkunga akasikiliza mlenda bila kutabasamu, nikamheshimu.

"Mlenda unakwenda tumboni, haupiti huko. Kula, ni mboga nzuri, lakini na ugali wake. Sasa, kila mtu aweke kidole hapa." Akaingiza kidole chake cha shahada kwenye pembe ya mdomo. "Na wewe mama yao. Vuta pembeni, polepole."

Tukavuta. Sisi wanne, midomo imepinda, kama samaki wanne kwenye kamba moja.

"Inauma?"

"Inaungua," dada akasema, maneno yakitoka kombo.

"Ngoja sasa. Usiachie. Pumua." Tukangoja. "Imepungua?"

Ilikuwa imepungua. Kweli kabisa.

"Basi na huko ni nyama ya namna hiyo hiyo. Imeumbwa kuvutika, ila inataka muda. Ukiikurupusha ndipo inapochanika." Akatueleza kwamba katika wiki zile za mwisho dada anaweza kuizoeza: mikono iliyonawa, kucha fupi, mafuta safi ya kupikia, dole gumba, dakika chache tu, avute kwa chini na pembeni mpaka aone inaungua kama mdomo ulivyoungua, angoje itulie. Akiona damu au maji au muwasho, aache, aje. Siku yenyewe halazimiki kulala chali. Anaweza kulala ubavu au kupiga magoti. "Na kichwa kikianza kutokea nitakuambia acha kusukuma. Utatamani kusukuma kuliko kitu chochote. Hapo unapoza uji. Unajua kupoza uji? Fuu, fuu, fuu. Mimi nakukanda na kitambaa cha maji ya moto, tunamwachia mtoto ajifungulie mlango mwenyewe."

"Na ile sindano ya kuzuia uchungu?" dada akauliza.

"Hapa hatuna. Hapa nipo mimi, na pumzi zako, na maji ya moto."

"Na mnaongeza njia? Mnachana?"

"Sio kila mtu. Ikilazimu nakuambia kwanza, na naweka ganzi." Akamtazama sana. "Sitakuahidi hutachanika. Mimba ya kwanza wengi wanachanika kidogo, tunashona, nyuzi zinayeyuka zenyewe. Kuchanika vibaya kupo, ila ni kwa wachache, na ndiyo sababu nakutaka hapa, sio nyumbani na jirani yako wa chapati."

Njiani mama alitangulia mpaka tumefika uani. Hapo akanigeukia.

"Wewe nilikuzaa uwe jalala?"

Kisha akamgeukia dada. "Na wewe, mama yako nipo. Nimezaa mara tatu. Si ungeniuliza?"

"Ungeniambia nini, mama?"

Mama akaegemea ukuta. Akavua viatu. "Ningekuambia utaona huko huko," akasema. "Mimi ndivyo nilivyoambiwa."

Tangu siku hiyo alikuwa anakaa kwenye kigoda chumbani kwetu, mikono mapajani, mpaka dada amalize. Mimi nikawekewa sahani yangu, ndogo, kama mgonjwa wa vidonda vya tumbo.

Wiki zilizofuata ndizo ninazozitamani nikilala katikati ya kitanda hiki. Nilikuwa nimeandika maneno yote ya mkunga kwenye kaunta buku siku ile ile nisisahau. Basi dada akishaoga alasiri, anajifungia chumbani na kikombe cha mafuta ya alizeti, mimi nasimama upande wa nje wa pazia, nimempa mgongo, nalinda mlango na kusoma kwa sauti.

"Nawa mikono."

"Nimenawa."

"Kucha fupi."

"Nimekata jana, pita hapo."

"Dole gumba, kwa ndani, si mbali, kisha vuta..."

"Soma polepole bwana, hapa sio mashindano ya risala!"

Halafu "Uwii, inaungua." Halafu fuu, fuu, fuu. Wakati mwingine alikuwa anachungulia, ananipora daftari ahakikishe mwenyewe, na vidole vyake vinabaki kwenye karatasi. Wakati mwingine aliacha katikati, akasema leo siwezi, leo naogopa, nikamwambia basi tuache, tukae tu. Mara ya kwanza alilia. Baada ya wiki mbili alikuwa anapiga mluzi humo ndani.

Jua likipungua tulikwenda kutembea. Mkunga alisema atembee. Tulifuata ile barabara ya vumbi ya kuelekea Kwihara, ambayo wazee wanaiita njia ya misafara, kwa sababu wapagazi wa kwetu walipita hapo wakipeleka mizigo Pwani na kurudi. Kuna miembe mikubwa kando yake, michakavu, watu wanasema ilipandwa zama hizo. Kutoka gati la maji, pale tunapochota kwa ndoo, hadi kidaraja cha kalavati tuliihesabu tisa, ukihesabu na wa tano, ambao ulikatwa, kimebaki kisiki kipana kama meza. Dada ndiye aliyebuni mchezo: kutoka mwembe mmoja hadi mwingine ni uchungu, hakuna kuongea, ni kupumua tu na kulegeza mabega. Kutoka huo hadi unaofuata ni mapumziko, unaruhusiwa kumsengenya yeyote. Kwenye kisiki tunakaa.

"Tuko wapi?" alikuwa anauliza akiwa amefumba macho, kanishika bega.

"Mwembe wa tatu."

"Bado?"

"Bado kidogo. Legeza taya."

Mvua ikiwa imenyesha, ile barabara ilikuwa na harufu ya vumbi lililotulia, na ng'ombe wanarudi, na mchungaji anamwamkia dada kwa heshima kubwa kwa sababu ya tumbo: "Shikamoo mama." Dada anajibu "Marahaba mwanangu" kwa sauti ya kibibi, na mchungaji mwenyewe ni mkubwa kwake. Tukifika kisikini tunacheka mpaka anasema mtoto ananipiga teke, nyamaza.

Uchungu ulimkuta Jumamosi asubuhi akichambua mchele. Alishika ungo, akanitazama, akasema, "Mwembe wa kwanza." Mama akamnywesha uji wa ulezi kikombe kizima kabla ya kuita bajaji. Kikapu kilikuwa tayari: khanga, beseni, glovu, pamba, mpira wa kutandika.

Leba waliruhusu msindikizaji mmoja, akaingia mama. Mimi nikabaki barazani na beseni mapajani, kati ya watu wengine saba wenye mabeseni yao. Jirani msusi alikuja na chupa ya chai. Nilimchukia, kisha akanimiminia kikombe na kunipa andazi, nikashindwa kuendelea.

Saa zikapita. Dirisha la leba lilikuwa na pazia jepesi. Tukasikia sauti ya dada, nzito, si yake.

"Tuko wapi?"

"Tuko kituo cha afya, mwanangu," mama akajibu kwa huruma.

Barazani watu wakacheka kidogo.

"Mama, toka! Tuko wapi?"

Nikaelewa kwamba swali ni langu. Kulikuwa na wazee pale, kulikuwa na baba mmoja anayesoma gazeti. Nikasimama, nikaenda dirishani na beseni langu, nikajaribu kusema, sauti ikabaki kwenye benchi kama kawaida yake. Dada akaguna humo ndani kama mtu anayeinua gunia.

"Mwembe wa tatu!" nikapiga kelele.

Gazeti likashuka. "Mtoto kachanganyikiwa," jirani akasema. "Mkalisheni."

"Bado?" dada akaita.

"Bado kidogo! Legeza taya!"

Sikujua kama kweli ni wa tatu. Ningejuaje? Nilikuwa nagawa ile miembe kama mpishi mwenye mchele mdogo na wageni wengi, naogopa iishe kabla ya mtoto. Nilimweka kisikini muda mrefu sana. Akiuliza nasema kisiki, tumekaa, mchungaji anapita. Nilimsikia akicheka mara moja, kicheko kifupi kilichokatika katikati. Watu wa barazani waliacha kuniona mwehu, baba wa gazeti akaanza kuuliza, "Sasa mko wa ngapi?" Adhuhuri imeshapita nikamwambia wa saba. Nikamwambia wa nane.

Halafu sauti ya mkunga, kali: "Acha kusukuma! Poza uji! Poza!"

Fuu, fuu, fuu. Nilipuliza na mimi kwenye pazia. Nikageuka, jirani msusi naye anapuliza, mashavu yamejaa, macho kayafumba, hajui hata kwa nini.

"Wa tisa, dada! Kalavati hilo!"

Kisha mtoto akalia, sauti kavu kama bata.

Mkunga alipotoka, jirani alimvamia na "Mume au mke?" Mimi nilimpita.

"Kilo ngapi?"

Mkunga alinitazama, akajua ninachouliza.

"Mbili na gramu mia sita. Wa kike. Ametosha."

Nililia ndani ya beseni, nashukuru nilikuwa nalo.

Jioni waliniruhusu kuingia. Dada alikuwa amelala ubavu, mtoto kwapani, nywele zile zimefumuka. Sikujua nianzeje, akaanza yeye.

"Nyuzi mbili," akasema. "Iliungua pale mwisho, kama mdomo, nikapoza uji, mara nikasikia ameteleza wote. Nilikuwa nangoja chraaa." Akafikiri. "Haikuwepo. Hata sikujua nimechanika mpaka nesi aliponiambia anaweka ganzi."

Baada ya siku kadhaa nepi zilipungua, nikamkuta uani amekalia mto, ameshika ncha ya khanga kuukuu kwa meno. Akachana mwenyewe mpaka chini, akanyoosha mkono apewe nyingine.

Alikaa nasi mpaka mwisho wa mwezi wa sita, kisha shemeji akaja kuwachukua. Ile barabara siku hizi inapanuliwa, na miembe miwili imeshaondoka. Nilikwenda kuhesabu mwezi uliopita, nikarudi kabla ya kalavati.

Mtoto ana miaka miwili sasa. Walikuja wakati wa likizo. Ana tabia moja: anaiacha sahani yake, anakuja kusimama kwenye goti langu na kula ya kwangu, ananiangalia usoni huku mkono wake unachagua nyama. Mama akamkemea.

"We mtoto, muache mama mdogo ale!"

"Muache," nikasema.

"Atakumalizia!"

"Amalizie."

Mama akashangaa, maana sijapata kuwa mtu wa kubishana mezani. Dada alikuwa anakunywa maji. Alinitazama juu ya ukingo wa kikombe, akasukuma bakuli la mboga likaja karibu na mkono wa mwanawe.